Mama Mchungaji Kahamia Sauna

Puolanka, 12 Januari 1987

Mdogo wangu Reino,

Salamu zikufikie huko ghorofani Tampere, wewe na binti yako Raili na mume wake yule asiyekunywa kahawa. Mimi nipo. Magoti yananiuma lakini bado yanakwenda. Kuni zitatosha mpaka Mei. Taneli Kemppainen wa ng'ambo ya ziwa amewekewa meno mapya, sasa anachekacheka bila sababu ili tuyaone. Baridi imefika nyuzi thelathini na nane chini ya sifuri, na magogo ya nyumba yanapasuka kwa kishindo mpaka vikombe vinatikisika.

Usinipigie simu. Oktoba, wakati unapakia mabegi kwenye gari la Raili, niliapa mbele yenu kwamba sitaisikia tena sauti yako mpaka uniombe radhi. Barua haina sauti, ndiyo maana naandika.

Habari yenyewe ni ya kuku. Ingekuwa kuku mwingine nisingepoteza stempu. Ni Mama Mchungaji, yule wa marehemu mkeo, aliyepewa jina hilo na Lempi mwenyewe kwa jinsi anavyoinua miguu kana kwamba uwanja wetu haumfai. Kati ya wote aliowalea Lempi amebaki huyo mmoja. Nakukumbusha tu, maana nasikia huko mjini watu husahau.

Jana asubuhi nilifungua banda nikakuta ukungu. Ndani ya banda, Reino! Kuta zimeota jalidi nene kama kidole changu, matandiko yameloa, na kuku wamesimama kwenye mvuke wa pumzi zao wenyewe. Wale wanne wenye vilemba vidogo wamesalimika. Mama Mchungaji, na kilemba chake kile kikubwa, alikuwa sakafuni. Ncha za kilemba zilikuwa nyeupe kama mshumaa, na kufikia jioni zimegeuka nyeusi. Vidole vya miguu vimevimba, hawezi kupanda gogo la kulalia.

Nikainua macho kwenye tundu la hewa. Limezibwa. Limeshindiliwa kwa ndani, kwa ufundi, na kitu ambacho sikitaji. Mimi na magoti yangu sikuwa nimepanda ngazi ya banda tangu mwaka juzi hadi jana, kwa hiyo aliyeziba anajijua. Mtoto yeyote wa mkoa wetu huu wa Kainuu anajua kwamba baridi kavu kuku anaistahimili, ila unyevu ndio unaomla. Mtoto yeyote!

Nimemhamishia kwenye chumba cha kubadilishia nguo cha sauna, ndani ya kapu la viazi. Kama atapona au hatapona sijui.

Dada yako,
Hilja

Nimesahau. Ile sweta ya buluu niliyokufumia, uliichukua? Kabatini siioni.


Tampere, 20 Januari

Dada Hilja,

Nimepokea barua yako, nikaisoma nikiwa nimesimama, kisha nikakaa. Sisi hatujambo. Raili anakusalimu. Mume wake pia anakusalimu, au angekusalimu kama angekuwa anaongea. Hapa baridi ni nyuzi ishirini na tano tu na watu wanalia kama vile dunia inaisha.

Dada, tafadhali usimsugue. Usimsugue kabisa kile kilemba, wala usimweke karibu na jiko. Mpashe joto polepole. Miguu iloweke kwenye maji ya uvuguvugu, si ya moto, jaribu kwa kiwiko kama anavyojaribiwa mtoto mchanga. Halafu mpake yale mafuta ya chuchu za ng'ombe, kopo lipo rafu ya juu nyuma ya misumari. Sehemu nyeusi usizikate, zitadondoka zenyewe. Kwa wale wanne usimrudishe mapema, watamdonoa. Na umpe maji mara kwa mara.

Kuhusu tundu la hewa, sielewi. Huenda ni panya. Huenda ni ndege alijenga kiota. Lakini hata Baba alitufundisha kuziba kila ufa wa nyumba kabla ya barafu kuingia, wewe mwenyewe ulikuwa unamshikia kapu la majani ya kinamasi akishindilia kati ya magogo. Kwa hiyo aliyeziba, kama yupo, hakuwa na nia mbaya.

Sweta ninayo. Naivaa hata sasa ninapoandika. Ina joto sana, ahsante.

Nijulishe kilemba kinaendeleaje.

Mdogo wako,
Reino


Puolanka, 28 Januari

Reino,

Panya! Panya wa Puolanka wamejifunza kushindilia?

Salamu kwanza, nisije nikasahau adabu. Mimi mzima. Mzee Taneli mzima, na kwa bahati mbaya nitakueleza kwa nini najua.

Mama Mchungaji anaishi sauna, kwa hiyo sauna haiwashwi. Nikiiwasha, kile chumba chake kinakuwa moto na mvuke, na mvuke ndio uliomponza. Jumamosi mbili sasa sijaoga kwangu kama binadamu. Miaka sabini na moja sijawahi kukosa sauna ya Jumamosi, hata wakati wa vita sikukosa, leo naikosa kwa ajili ya kuku asiyetaga tangu mwaka juzi. Jumamosi iliyopita ikabidi nichukue taulo nivuke ziwa kwenda kwa Taneli. Nimeoga peke yangu, usianze. Ila nilipotoka kanisubiri na kahawa, na lile kopo lake la lami ya msonobari.

"Mpake lami huyo kuku," ananiambia. "Marehemu baba alipakwa lami mguu mzima, akacheza dansi hadi miaka themanini."

"Baba yako hakuwa na kilemba," nikamwambia.

"Alikuwa na masikio. Yaliungua vilevile kwa baridi."

"Na lami ikasaidia?"

"Moja lilidondoka," akasema, akanionyesha meno yake yote.

Lami sikumpaka. Nilimpigia daktari wa mifugo, akaniuliza kuku ana umri gani. Nikamwambia saba. Kisha akaniuliza, kwa upole kabisa, kama nina sufuria kubwa. Nikamkatia simu. Kwa hiyo sasa mimi ndiye daktari. Namloweka miguu mara tatu kwa siku kwenye beseni lile la Lempi la kukandia unga, kiwiko changu kimechubuka kwa kujaribu maji. Ananidonoa. Kidole kimoja cha mguu wa kulia kimedondoka Jumatatu, nimekizika nyuma ya kibanda cha kuni, sijui kwa nini. Uzee.

Unasema sweta unaivaa. Nimefurahi. Hebu niambie, ule mkono wa kushoto niliokosea, ulikuwa mrefu au mfupi? Nataka nikutengenezee.

Hilja


Tampere, 9 Februari

Dada Hilja,

Nashukuru kwa habari, na nashukuru hasa kwa ile sufuria uliyoikataa. Hatujambo sote.

Umenilalamikia sauna, acha nami nikupe yangu. Jengo hili lina sauna moja kwa familia ishirini na nane. Iko chini, karibu na mapipa ya taka, inawashwa kwa umeme. Karatasi imebandikwa mlangoni na sisi jina letu liko Alhamisi, saa moja hadi saa mbili. Alhamisi, Hilja! Nani anaoga Alhamisi? Ukimwaga maji ya tatu tu kwenye mawe, wa saa mbili anagonga mlango. Ni bwana mmoja wa ghorofa ya nne, anagonga huku kashika saa. Juzi nikamwambia, "Ndugu yangu, ngoja jasho litoke." Akanijibu, "Jasho la nani? Saa hii ni jasho langu." Nikatoka nikavaa nguo mwili umelowa.

Mwambie Taneli lami yake ajipake mwenyewe. Na kahawa yake asikuzoeshe.

Sweta, mkono wa kushoto ni mfupi kidogo. Lakini nimeuzoea, usijisumbue.

Kidole kikidondoka si neno, mradi kidonda kikavu. Anakula? Hukuandika kama anakula. Dada, usimchoke. Najua kuku mzee si kitu kwa watu, na najua magoti yako. Lakini Lempi alikuwa anambeba kwapani akienda kuchota maji, na huyo ndiye kiumbe wa mwisho aliyebaki anayeijua sauti yake, ukiacha mimi na wewe. Akifa mimi sitakuwa na sababu ya

Nimekatizwa, Raili ameita chakula. Nitaendelea siku nyingine.

Reino


Puolanka, 17 Februari

Reino,

Leo salamu sina.

Kwanza, mikono yote miwili ya sweta ile iko sawasawa. Mimi sijakosea mkono wa sweta tangu mwaka 1934. Unanichezea shere, na kwa miaka yako sitini na sita hujajifunza kuifanya vizuri. Nimekuuliza mara mbili, umejitia hamnazo mara mbili.

Pili, kuku hali. Tatu, hakuna tatu. Siku nne sasa hajagusa nafaka, hajagusa uji wa shayiri, hajagusa funza wa unga aliomletea Taneli ndani ya kiberiti. Ananyong'onyea kapuni na macho kafumba. Kilemba kimekauka, miguu imekauka, kidonda hakuna, lakini kuku hataki. Namwinua kichwa namtia maji kwa kijiko cha chai, nusu yanamwagikia mikono yangu. Nimechoka, Reino. Nimechoka kupanda na kushuka barafuni na beseni. Nimechoka kuoga kwa watu. Nimechoka kuandikiwa maagizo na mtu aliyekaa karibu na bomba la maji moto.

Kama unamtaka kuku wako, alipo unapajua na basi linafika. Kesho nanoa shoka. Sipendi kumwona anateseka, na mimi mwenyewe sipendi kuteseka.

H.


Puolanka, 10 Machi

Mdogo wangu Reino,

Wiki tatu hujajibu. Nimekwenda kwenye sanduku la posta njia panda kila siku isipokuwa Jumapili, hadi mwenye gari la posta sasa akiniona ananitikisia kichwa tangu mbali ili nisijisumbue kutembea. Kama umekasirika, sema. Kama unaumwa, Raili aseme. Ningepiga simu lakini niliapa, na jana nimeinua mkono wa simu mara mbili nikaurudisha. Ndivyo ulivyonifikisha.

Kuku yu hai.

Nilinoa shoka kweli, sikukutishia. Nikalichukua hadi sauna, na kahawa pia nikaichukua, maana siwezi kumchinja mtu kabla sijanywa kahawa. Mtu, naandika. Basi, ndiyo hali yangu. Nikakaa benchini, shoka miguuni, nikachovya mkate mtamu wa iliki kwenye kikombe kama kawaida. Na yule bibi akafungua jicho moja. Nikasema, "Unataka nini?" Akanyoosha shingo. Nikamnyooshea kipande, akakipokea kutoka vidoleni kwa adabu kabisa kama yuko kwa askofu. Nikampa cha pili. Nikampa mkate mzima, Reino, na mimi nikanywa kahawa kavu.

Ndipo nikakumbuka Lempi alikuwa anamfanyia hivyo kila asubuhi pale ngazini, mimi nikigomba kwamba iliki si ya kuku. Nililia. Sikulia kwa ajili ya kuku. Nililia kwa sababu huko kwenye benchi tulizoea kukaa watatu.

Wakati huohuo Taneli akasukuma mlango na kopo lake la lami. Akaona shoka, akaona mkate, akaniona mimi.

"Mkate wa iliki kwa kuku!" akasema. "Mimi wiki tatu hujanipa hata kombo!"

"Wewe hujaungua kidole," nikamwambia.

"Naweza kutoka nje bila kiatu, ukitaka."

Nilicheka, sikutaka ila nilicheka. Sasa kuku anakula nafaka vizuri na mkate nimempunguzia. Anatembea kwa kuchechemea, bado anainua miguu kama zamani, vidole viwili pungufu, maana na cha pili kilidondoka.

Nijibu. Hata mstari mmoja.

Dada yako,
Hilja


Tampere, 26 Machi

Dada Hilja,

Barua yako ya tarehe kumi ilifika tarehe kumi na mbili. Niliujua mwandiko, nikaiweka nyuma ya redio. Sikuifungua. Niliona kwamba mradi haijafunguliwa, shoka halijashuka. Siku kumi na tatu nimekaa sebuleni naitazama redio bila kuiwasha. Jana Raili alikuwa anafuta vumbi, akaiona, akaifungua bila kuniuliza, akasoma kwa sauti. Alipofika "kuku yu hai" nikamwambia arudie. Akarudia. Nikaomba anipe niisome mwenyewe, na Raili akakaa nami mezani, akanambia, "Baba, kwa nini usirudi tu nyumbani?" Nikamwambia hakuna aliyeniita. Akasema, "Shangazi kaandika barua nne za kuku. Unadhani ni za kuku?"

Sasa lile jambo. Nimeliandika mara sita na mara sita nimelichana, hii ni ya saba.

Tundu nililiziba mimi. Asubuhi ile ya Oktoba, kabla Raili hajafika na gari. Ulikuwa umeniambia usiku wa kuamkia siku hiyo, "Nenda, hakuna aliyekushika," na mimi nilikuwa nimetegemea kushikwa. Nikaenda bandani kumuaga Mama Mchungaji. Upepo ulikuwa unapuliza kutoka lile tundu moja kwa moja hadi kwenye gogo lake. Nilijua tundu ni la hewa. Kwa miaka arobaini nimewaambia wengine wasilizibe. Lakini nilimwona alivyojikunyata, nikawaza kwamba majira yote ya baridi nitakuwa mbali, na kichwa changu hakikufanya kazi, mikono ndiyo iliyofanya. Nikavua sweta, nikaishindilia.

Hilja, usidhani niliitupa. Ulinifumia miezi ile Lempi alipokuwa hospitali, nilikuwa naiona inakua magotini mwako kila jioni. Ilikuwa nguo yenye joto kuliko zote nilizonazo. Nikamwachia yeye kwa sababu sikuwa na kitu bora zaidi cha kumwachia.

Na ikakaribia kumuua. Nimekuwa naogopa kukwambia hilo kuliko nilivyowahi kuogopa kitu. Nilidanganya kuhusu mkono wa kushoto. Nilidanganya pia kwamba hapa sijambo. Hapa sina kazi hata moja, mtu hapasui kuni, taa inawaka yenyewe kwenye ngazi. Nasimama dirishani nahesabu mabasi.

Naomba radhi. Kwa kuku, kwa sweta, na kwa kwenda.

Reino


Puolanka, 6 Aprili 1987

Mdogo wangu Reino,

Ni sisi hapa, mimi na wale watano, hatujambo. Ukuta wa kusini wa banda umeshatoka barafu, na Mama Mchungaji amerudi kwake tangu Jumatano. Wenzake walitaka kumdonoa siku ya kwanza, akawatazama tu, wakatulia. Kilemba kimebaki kifupi na cha mviringo. Taneli anasema sasa anafanana na mchungaji mwenyewe. Tundu liko wazi, nimepanda ngazi kulikagua, magoti na yote.

Nilijua tangu tarehe kumi na moja Januari. Unadhani siifahamu kazi ya mkono wangu? Niliposhuka nayo kutoka kule juu, imeganda ngumu kama ubao, nilikasirika hadi nikakosa pumzi. Nikasema, miezi mitano nimefuma, naye kaifanya kizibo. Nikaitupa kwenye sufuria ya maji yanayochemka, kwa hasira, wala sikuwa nafua. Imesinyaa, inamtosha kuku. Na ni kweli inamtosha, ndiyo aliyolalia kapuni siku zote hizo. Hilo nawe ulijue, kwamba kile cha mwisho ulichomwachia kilimfikia.

Sasa langu, niliseme haraka kabla sijabadili mawazo. Niliposema nenda, hakuna aliyekushika, nilikuwa nasema uongo, na uongo wangu ulikuwa mkubwa kuliko wako wa sweta. Nilitaka ubaki. Sikujua kusema kwa sababu Lempi ndiye aliyekuwa akitusemea sote wawili.

Chumba cha kubadilishia nguo nimekisugua kwa maji matatu na sabuni ya lami, kanipa Taneli, hatimaye lami yake imepata kazi. Jumamosi ya Pasaka sauna itawashwa. Kuni zimebaki nyingi lakini hazijapasuliwa, mimi siziwezi na Taneli nimemkataza.

Basi la Alhamisi kutoka Kajaani linafika njia panda saa nane na robo. Begi lako beba mwenyewe, mimi sibebi. Nimeanza sweta nyingine, ya kijivu maana sufu ya buluu imekwisha. Kifua nimekifuma kwa kukumbuka, ila nimekwama kwenye mkono wa kushoto. Nahitaji mkono wenyewe nipime.

Dada yako,
Hilja